Kuondokana na Mafuta na Makaa ya Mawe: Kasi Gani Inawafaa Wakazi wa Lamu?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa zitakazotumika hadi tangazo la mwezi unaofuata. Katika Kaunti ya Lamu, tangazo hilo haliwahusu wenye magari pekee. Linamgusa mvuvi wa Kizingitini anayetia petroli kwenye mashine ya boti, abiria anayevuka kutoka Mokowe kwenda Amu, mkulima wa Mpeketoni anayepeleka mazao sokoni, na mwenye duka ambaye bidhaa zake huja kwa lori kisha zikavushwa kwa boti.

Mafuta hayo hayo yanayoendesha maisha ya kila siku ndiyo yanayotajwa katika mikutano ya kimataifa kuwa chanzo kikuu cha mabadiliko ya tabianchi. Karibu mataifa yote yamekubali kwamba dunia inapaswa kuachana nayo. Ubishi uliobaki ni kuhusu kasi. Wapo wanaosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wapo wanaojibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Lamu ina sababu ya kuufuatilia mjadala huu kwa karibu. Ndipo palipopangwa kujengwa kiwanda cha kwanza cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe nchini, na ndipo linapopangwa kuishia bomba la mafuta kutoka Turkana. Makala haya yanaeleza hoja za kila upande, yale ambayo kaunti imepitia, na haki za mkazi mradi wa kawi unapopangwa karibu na kwake.

Nishati zinazozungumziwa ni zipi?

Makaa ya mawe, mafuta ghafi na gesi asilia huitwa nishati za visukuku kwa sababu zilitokana na mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi ya mtungi ya kupikia zote ziko katika kundi hili. Zinapochomwa hutoa hewa ya kaboni inayojilimbikiza angani na kuzuia joto lisitoke. Matokeo yake ni dunia yenye joto zaidi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali kuliko wote tangu vipimo vianze kuwekwa.

Athari zake si habari za mbali. Mwaka 1998, joto la bahari lilisababisha matumbawe kupauka na kufa kwa wingi katika pwani ya Afrika Mashariki, na matumbawe ndiyo mazalio na makazi ya samaki wengi wanaovuliwa hapa. Kati ya 2020 na 2023, mvua ilikosa kunyesha ipasavyo kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi, na wafugaji wakapoteza mifugo. Kisha mafuriko ya mwaka 2024 yakaua zaidi ya watu 200 nchini na kuharibu barabara na mashamba. Wanasayansi hawasemi kwamba kila kiangazi au kila mafuriko yameletwa na kaboni peke yake. Wanachosema ni kwamba joto linapozidi, matukio ya aina hii huja mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi.

Dunia ilikubaliana nini?

Katika Mkataba wa Paris wa 2015, mataifa yaliahidi kujitahidi kuzuia ongezeko la joto lisipite nyuzi 1.5 ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya viwanda. Mkutano wa COP28 uliofanyika Dubai, Desemba 2023, ulikwenda hatua moja mbele. Kwa mara ya kwanza, mataifa yalikubaliana kuondokana na nishati za visukuku katika mifumo ya kawi, kwa utaratibu wenye haki na usawa. Yalikubaliana pia kulenga kuongeza mara tatu uwezo wa kawi jadidifu duniani kufikia 2030.

Maneno ya makubaliano hayo yalijadiliwa usiku na mchana kwa sababu kila neno lina gharama. Hayakuweka tarehe ya kufunga kisima wala mgodi. Hayakusema ni nchi gani itangulie. Hapo ndipo mjadala wa kasi unapoanzia.

Kenya ilieleza msimamo wake miezi mitatu kabla ya hapo, katika Kongamano la Tabianchi la Afrika lililofanyika Nairobi Septemba 2023. Viongozi walisema Afrika haikuchangia sana tatizo hili lakini inaumia zaidi, na kwamba fedha za kujenga kawi safi lazima zipatikane kwa riba ambayo nchi maskini inaweza kuimudu.

Wanaotaka mabadiliko ya haraka wanasema nini?

Hoja yao ya kwanza ni ya sayansi. Hewa ya kaboni hukaa angani kwa muda mrefu sana, kwa hiyo kila mwaka wa kuchelewa huongeza mzigo juu ya uliopo. Mtu anayesubiri mashua ijae maji ndipo aanze kuyafua huwa na kazi kubwa kuliko aliyeanza mapema.

Hoja ya pili ni ya mfuko. Kenya hainunui jua wala upepo kutoka nje, lakini mafuta yote inayotumia huagizwa yakiwa yamesafishwa, kwa sababu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Bei ikipanda ulimwenguni au shilingi ikidhoofika, mwananchi hulipa. Septemba 2023, lita ya petroli ilivuka Sh200, na nauli pamoja na bei ya vyakula zikafuata.

Hoja ya tatu ni kwamba Kenya tayari imefika mbali. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria pekee hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una uwezo wa megawati 310. Wanaoshikilia msimamo huu huuliza kwa nini nchi yenye utajiri kama huo irudi kwenye makaa ya mawe wakati wengine wanajaribu kuyaacha.

Wanaotaka mwendo wa pole wanasema nini?

Upande wa pili unaanza na haki. Uingereza, Marekani, Uchina na mataifa mengine yalijenga viwanda vyao kwa makaa ya mawe na mafuta. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya kaboni inayotokana na nishati za visukuku duniani, na Kenya pekee chini ya asilimia 0.1. Wanauliza iweje nchi iliyogundua mafuta Turkana mwaka 2012 iambiwe iyaache ardhini, huku waliotajirika kwa mafuta wakiendelea kuyachimba.

Hoja ya pili ni uhakika wa umeme. Jua huzama saa kumi na mbili jioni, na saa moja hadi saa nne usiku ndipo majumba mengi huwasha taa, televisheni na pasi. Upepo nao hauamrishwi. Mitambo ya mafuta inaweza kuwashwa wakati wowote unapohitajika, ndiyo maana bado ipo kwenye gridi hata kama haizalishi umeme mwingi. Betri kubwa za kuhifadhi umeme zipo na bei yake imeshuka, lakini bado zinahitaji mtaji mkubwa.

Hoja ya tatu ni ajira na mapato. Lita ya petroli au dizeli hutozwa Sh25 za matengenezo ya barabara, mbali na ushuru mwingine. Vituo vya mafuta, malori, makanika na boti vimewaajiri maelfu ya vijana. Serikali ikiondoa mafuta kabla ya kuandaa njia nyingine ya mapato na kazi, watakaoumia kwanza ni wale wasio na akiba.

Lamu ilipitia nini na makaa ya mawe?

Mradi wa makaa ya mawe ulipangwa Kwasasi, kilomita zipatazo 20 kutoka mji wa Lamu, ambao tangu 2001 uko katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Kiwanda kingekuwa na uwezo wa megawati 1,050 na kingegharimu takriban dola bilioni 2. Makaa yangeagizwa kutoka Afrika Kusini kwanza, huku bonde la Mui katika Kaunti ya Kitui likitarajiwa kutoa makaa ya humu nchini baadaye.

Waliounga mkono waliona kazi za ujenzi, biashara kwa wenyeji na umeme wa kutosha kwa bandari na viwanda. Waliopinga waliona moshi na jivu karibu na mji wa kale, maji ya moto yakirudishwa baharini kwenye maeneo ya uvuvi, na mashamba yakichukuliwa.

NEMA ilitoa leseni ya mazingira Septemba 2016. Wakazi na mashirika ya kijamii wakapeleka malalamiko mbele ya Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama hiyo ilifuta leseni. Sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na sheria. Mikutano ya mwanzo ilifanywa kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika, kwa hiyo watu waliombwa maoni juu ya jambo ambalo hawajaelezwa kwa ukamilifu. Mahakama iliona pia kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi halikuzingatiwa ipasavyo. Wawekezaji walikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikatupilia mbali rufaa hiyo.

Kuna jambo jingine katika mradi huo ambalo halikuzungumzwa sana vijijini, ingawa lingemgusa kila mwenye mita ya stima. Mkataba wa kununua umeme ulikuwa wa miaka 25, na ulihitaji kiwanda kilipwe kwa kuwa tayari kuzalisha, umeme utumike au usitumike. Ni sawa na kukodi boti kwa mwezi mzima: unamlipa mwenyewe hata siku ambazo boti haikutoka gatini. Mwaka 2019, mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini hayakufika megawati 2,000. Kiwanda kimoja cha megawati 1,050 kingekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji hayo, na gharama ya umeme usiotumika ingeingia kwenye bili za wananchi.

Na bomba la mafuta?

Mpango wa LAPSSET unajumuisha bomba la kusafirisha mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, hadi Bandari ya Lamu, umbali wa zaidi ya kilomita 800. Gati la kwanza la bandari lilizinduliwa Mei 2021, lakini bomba bado halijajengwa. Mafuta ya majaribio yaliyouzwa nje Agosti 2019 yalibebwa kwa malori hadi Mombasa. Mwaka 2025, kampuni ya Tullow iliyoyagundua mafuta hayo ilikubali kuuza haki zake kwa kampuni ya Gulf Energy.

Mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yanapopoa, hivyo bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima. Hilo huongeza gharama. Kwa wanaotaka haraka, hatari ni kutumia mabilioni kujenga kitu ambacho dunia itakuwa imeacha kukihitaji kabla ya deni lake kuisha. Kwa wanaotaka pole, dunia bado itanunua mafuta kwa miaka mingi, na ni afadhali Kenya ipate fungu lake sasa kuliko kukosa kabisa. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali kutokana na mafuta hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti yanakochimbwa, na 5 kwa jamii ya eneo hilo. Mgao huo unafuata mahali pa kuchimba. Kaunti ambayo bomba linapita au kuishia haimo katika mgao huo, na wakazi wa Lamu wanafaa kulijua hilo wanapopima faida za mradi.

Je, kawi safi haina matatizo?

Inayo, na ni vyema yasemwe. Mradi wa upepo wa Kinangop, Nyandarua, ulisitishwa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa sababu ya ardhi. Oktoba 2021, mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana bila kufuata sheria. Hakuna moshi katika miradi hiyo, lakini ardhi ni ardhi. Mwenye shamba anayehamishwa ili mlingoti wa upepo usimame hupoteza sawa na anayehamishwa ili bomba lipite.

Lamu nayo ina funzo lake. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari. Kutoka hapo inaonekana kwamba swali la kwanza kwa mradi wowote ni lile lile, uwe wa mafuta au wa jua: nani anapoteza, na analipwa lini?

Kasi si moja kwa kila kitu

Mjadala hueleweka vizuri zaidi ukigawanywa kulingana na matumizi, kwa sababu si kila kitu kinaweza kubadilika kwa wakati mmoja.

*Vijiji visivyofikiwa na gridi.* Hapa kasi kubwa ina manufaa ya wazi. Dizeli ya jenereta husafirishwa mbali, hupanda bei na huisha. Sola yenye betri hugharimu zaidi mwanzoni, lakini haihitaji kununuliwa mafuta kila wiki. Lamu ni miongoni mwa kaunti 14 zilizomo katika mradi wa kitaifa wa KOSAP, unaolenga kupeleka umeme wa sola kwa maeneo hayo.

*Umeme wa gridi.* Tofauti hapa huonekana kwenye bili. Mwenye tokeni akisoma ujumbe wake ataona tozo ya gharama ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi. Mitambo ya dizeli ikitumika sana, kwa mfano wakati wa kiangazi mabwawa yanapopungua maji, tozo hiyo hupanda. Kupunguza mitambo hiyo kunapunguza bili, mradi kuwe na umeme mwingine wa kuziba pengo la usiku.

*Jikoni.* Gesi ya mtungi ni nishati ya visukuku. Hata hivyo, kwa mama anayepikia kuni au makaa ndani ya chumba chenye moshi, gesi ni nafuu kwa mapafu yake na ya watoto wake, na ni nafuu kwa misitu, ikiwemo mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Anayedai gesi iachwe leo bila kuleta jiko la umeme ambalo watu wanaweza kulinunua atakuwa anawarudisha kwenye kuni.

*Boti.* Mashua za tanga hazijawahi kuhitaji petroli, lakini mvuvi anayefuata samaki mbali, wakati wa kusi, anahitaji mashine. Mashine za umeme za boti zipo, ila betri ni ghali na nzito, na mahali pa kuchajia ni pachache. Hapa mwendo wa pole una maana, na bodaboda za umeme zinaweza kutangulia kwa kuwa safari zake ni fupi na kuchaji ni rahisi.

Haki za mkazi na nafasi yake

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikiwa hatarini, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Kutokana na hayo, na sheria za mazingira na kawi, mkazi anafaa kukumbuka mambo haya:

1. Mradi mkubwa wa kawi lazima ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira, na mwenye mradi anatakiwa kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Uliza ripoti iko wapi kabla ya kutoa maoni. Kusaini karatasi ya mahudhurio hakumaanishi umeukubali mradi.

2. NEMA hutangaza ripoti hizo na kuweka muda wa kupokea maoni. Maoni ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, hubaki kwenye rekodi. Maneno ya barazani yanaweza kusahaulika.

3. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Kesi ya makaa ya mawe ya Lamu ilianzia hapo.

4. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Mpango huo ndio mahali pa kusema kama kijiji chenu kinataka sola ya zahanati kwanza, taa za gatini, au barafu ya kuhifadhia samaki. Vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti navyo vina nafasi ya hoja hizo.

Katika vikao hivyo, maswali manne husaidia kupima mradi wowote: Umeme au mafuta hayo yatatumika na nani? Bei italipwa na nani, na kwa miaka mingapi? Ardhi na bahari ya nani itaguswa? Na mradi ukifa baada ya miaka kumi, nani ataondoa mabaki yake?

Mjadala wa kasi utaendelea Nairobi, Dubai na kwingineko, na Lamu haitauamua peke yake. Lakini leseni ya Kwasasi ilifutwa kwa sababu wakazi walisoma nyaraka, wakauliza na wakafuata sheria hadi mwisho. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria vikao vya wadi zao kila vinapotangazwa, na kufika wakiwa wameisoma taarifa ya mradi, wawe wa upande wa haraka au wa pole.